Watoto Saba, Beseni Moja

Bukavu, Nyalukemba, Jumatano mangaribi

Kwa Yaya wangu Riziki, dada yangu mukubwa, kule Kamituga,

Yaya, nakusalimia na mikono yote miwili. Uko namna gani? Mugongo bado unakuuma ukipanda kutoka mutoni na ndoo? Na tumbo, sasa myezi saba, linakuacha ulale kidogo? Bwana wako, je, anashinda bado mu mashimo ya zahabu na kurudi na matope tu? Na mama yetu, meno yake yamepoa? Mimi niko. Ninakula, ninalala, ninafanya kazi. Baridi ya Bukavu inaniingia mu mifupa, na asubuhi ukungu unafunika ziwa mpaka watu wanaenda kazini na vitambaa mu masikio, lakini mutu anazoea yote.

Barua yako ilinifikia Jumamosi, tukitoka salongo, ile kazi ya kusafisha mutaa, kwa mukono wa shofere wa kamyo. Anasema walilala siku tatu mu matope. Ilikuwa na alama ya mafuta ya mawese pembeni, nikainusa mbele ya kuifungua, juu ya vile ilinuka nyumbani. Kisha nikaanza kusoma. Yaya, nilianza nimesimama, nikamaliza nimekaa chini.

Unasema miguu ya mutoto wako Neema imevimba. Unasema nywele zake zimegeuka nyekundu na zinatoka ukizigusa, hachezi tena, anakaa pa mulango na kulia bila nguvu. Hukuandika jina la ugonjwa. Lakini mimi na wewe tunalijua. Iko bwaki, ugonjwa wa mutoto aliyekosa chakula kizuri, ile ile iliyomuchukua Mapenzi, mutoto wako wa kwanza.

Na kisha unaniandikia hivi: "Nimekataa kumupeleka Bukavu. Watu wanasema kule kwenu wanajaribia watoto wa maskini kama vile panya."

Ayi, Yaya! Nilikasirika. Jumapili mbele ya misa nilifua nguo zangu zote, hata zile zilizokuwa safi. Mimi mudogo wako, mimi uliyenibeba mugongoni mpaka mugongo ukakuuma, ndiye ninavaa hiyo bluze nyeupe ya hospitali. Unafikiri ninajaribia nini, na juu ya nani? Nilikutukana kidogo, unisamehe, hakuna aliyesikia isipokuwa sabuni.

Lakini wakati nilianika, nikajiuliza: wale watu wanasema wongo mutupu? Hapana. Kuna kitu tunajaribu hapa, na mu kile kitu mimi nimekosa, kosa kubwa. Kwa hiyo nitakuambia yote, hata ile inayonipa haya. Kisha utaamua wewe, mama yake. Ila uamue haraka, juu bwaki haingojake mutu.

Sikiliza basi. Chumba chetu cha wagonjwa iko na vitanda saba, vyote vya watoto wa bwaki. Docteur wetu iko mutoto wa milima hii hii, Mushi kabisa, alisoma mbali akarudi. Iko mukali, anavaa koti ya abakosi chini ya bluze, na kalamu tatu mufukoni. Dawa ya watoto hao iko maziwa ya unga, tunachanganya na mafuta na sukari. Lakini maziwa yanatoka mbali. Mara nyingine barabara inakatika, mara nyingine ndege haikuji, na sisi tunabaki na vikombe tupu na mama zao wanatuangalia. Sasa Docteur akajiuliza: na chakula chetu sisi? Uji wa mutama na soja, na sambaza, zile dagaa za ziwani, zilizokaushwa na kusagwa, hauwezi kumuponyesha mutoto sawa na maziwa?

Swali nzuri, Yaya. Iko swali ya mutu anayependa watu wake. Ili ajue, akaweka watoto mu mistari miwili. Wa upande wa dirisha wanakunywa maziwa. Wa upande wa ukuta wanakula uji. Kila asubuhi mimi ninawapima mu kitambaa kinachoninginia kwa balansi, na mara moja kwa juma ninatoa tone la damu pa kidole. Tone moja, unapoteza mingi kuliko hilo ukijikata na kisu ukikata majani ya sombe. Na ninaandika yote mu kaye: nani amekula, nani ameacha, uzito umepanda ao umeshuka. Ndiyo hiyo kujaribu. Hakuna kitu kingine mu kabati.

Myezi mitatu iliyopita, bibi mumoja wa Kalehe akaleta mujukuu wake wa kike. Bibi anaitwa M'Lugendo, iko na sauti ya kuitia ngombe mulimani. Mutoto anaitwa Nsimire, miaka tatu. Mama yake alibaki nyumbani na mutoto muchanga. Tulimuweka upande wa ukuta, upande wa uji. Alikuwa amevimba mpaka macho yamefunga, ngozi inapasuka, na pa shingo alifungwa kamba ya dawa za kienyeji. Mimi na makasi yangu, kwa haraka, ile kamba nikakata. Uchafu, nilisema. M'Lugendo aliiokota chini, akaifunga mu pembe ya kikwembe alichojifunga.

Siku tano Nsimire hakukula. Tuliwaambia wote: mutoto akule peke yake, pa kitanda chake, kikombe chake. Alifunga kinywa na kugeukia ukuta. Nilimubembeleza, nilimuimbia, nilimufinya pua kidogo, Mungu anisamehe. Bure. Siku ya sita nikarudi kuchukua vikombe, cha Nsimire kiko tupu. Na vingine vyote viko tupu! Nikaandika mu kaye: amemaliza, amemaliza, amemaliza, mara saba. Nilifurahi, nikafikiri ni nyimbo zangu.

Juma mbili baada ya siku ile nikasahau kalamu yangu ya biki mule ndani. Nikarudi mbio, nikafungua mulango bila kugonga. Yaya, wamama walikuwa wametandika mukeka chini. Watoto saba wamekaa duara, mu kati iko beseni moja ya plastiki, na vikombe vyote vimemwagwa mule, maziwa na uji pamoja. M'Lugendo ameshika kijiko kimoja, anazungusha.

"Koko," nikamuambia bibi, "munafanya nini?"

"Tunakulisha batoto."

"Lakini kila mutoto iko na kikombe chake!"

Akaniangalia vile wanaangalia mutu asiyelelewa. "Mwana wangu, kwenu mutu anakulaka na mwenzake anamuangalia? Huyu anapewa maziwa, huyu wa pembeni anameza mate. Unataka bakuwe balozi, bachawi? Hata mukubwa hawezi kumeza hivyo. Njo maana mutoto yangu alikataa."

Na Nsimire, mutoto aliyegeukia ukuta siku tano, alikuwa pa paja la bibi yake, kinywa wazi, anangoja zamu yake. Kamba imerudi pa shingo.

Hapo ndipo nilikosa, Yaya. Nilichukua biki yangu, nikatoka, nikafunga mulango pole pole. Sikumuambia Docteur. Niliendelea kuandika mu kaye: huyu amekunywa maziwa, huyu amekula uji. Kila siku, na mwandiko muzuri. Nilijidanganya kwamba watoto wanapona, miguu inashuka, wanacheka, nani anaumia? Na niliogopa pia. Kazi ya bluze nyeupe haiokotwe barabarani, na nilitoka mbali kuja kuipata.

Alhamisi iliyopita Docteur aliniita mu biro yake. Sijawahi kumuona vile, alikuwa anacheka mwenyewe. Akanionyesha karatasi yenye mistari miwili aliyochora kutoka kaye yangu, moja ya maziwa, moja ya uji, inapanda pamoja kama mapacha wanaoshikana mikono. "Wabiwa, umeona? Uji wetu unatosha! Nitaandikia disipanseri zote. Shabunda, Mwenga, hata kwenu Kamituga. Waache kungoja maziwa, waanze na uji tu, hata kwa wale wamevimba sana." Nikasema, ndiyo Docteur, vizuri Docteur. Nikatoka.

Juu nani alijua kama uji unatosha? Hakuna mutoto mu ile sale ya wagonjwa aliyekula uji peke yake. Na hakuna aliyekunywa maziwa peke yake. Docteur alikuwa anasoma wongo wangu na kuufurahia.

Na Jumamosi ndipo barua yako. Nilimuona Neema mu mawazo yangu, pa benchi ya disipanseri ya Kamituga, na miguu yake ile, na munganga anamupa uji peke yake, juu barua imetoka Bukavu kusema unatosha. Barua iliyotoka mu kaye yangu. Unaelewa sasa juu ya nini nilifua nguo zilizo safi. Sikukukasirikia wewe tu.

Jumatatu, mbele hata ya kupima watoto, nikaenda.

"Docteur, kaye yangu iko wongo."

"Wongo namna gani?"

Nikamuambia. Beseni, mukeka, kijiko. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. "Tangu lini?" Nikamuambia. "Myezi mitatu, Wabiwa! Myezi mitatu! Na mimi nilikuwa tayari kuandika!" Sauti yake ilipasuka, nikaona machozi, mutu mukubwa yule. "Toka kwanza," akasema. "Toka." Nikaenda kulia nyuma ya nyumba wanakofulia mashuka, nikafikiri ndiyo basi, narudi Kamituga na kikapu mukononi.

Jana saa ya chakula akakuja. Sikumuita. Akaingia mule ndani bila bluze, wamama wakasimama wote, mumoja akasukuma beseni chini ya kitanda na muguu. Docteur akapiga magoti, akaivuta mwenyewe. "Munionyeshe," akasema mu Mashi, luga ya kwao. M'Lugendo akamutazama toka juu mpaka chini. "Unawe mikono kwanza," akasema. Yaya, Docteur alienda kunawa! Akarudi, akakaa pa mukeka na suruali yake ya kupigwa pasi.

"Koko, juu ya nini mulichanganya?"

"Na wewe juu ya nini ulitenganisha?"

Akaanza kumueleza. Maziwa yanakosekana, anatafuta kujua kama uji unaweza, ilibidi kila mutoto akule chake ili aone tofauti. M'Lugendo alisikiliza mpaka mwisho, kijiko mukononi. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Aah. Kumbe ni hivyo. Na ulimuambia nani? Mulileta vikombe, mukasema, munyweshe. Hakuna aliyetuambia munatafuta nini. Mungetuambia, tungewasaidia."

Docteur aliinamisha kichwa. Na mimi pia, juu mimi ndiye nilikuwa ninaleta vikombe.

Kisha akamuonyesha namna anavyolisha, na hii usikilize vizuri, ni juu yake nimeanza kuandika. Kijiko hakianzi kwa mutoto mwenye nguvu. Kinaanza kwa yule amechoka kuliko wote. Anameza, wanamungoja. Akitapika, wanamupangusa, wanamungoja tena. Wenye nguvu wanalia, wanavuta nguo ya bibi, hawapewi mpaka yule wa nyuma amepata. Na mama wa kila mutoto amekaa nyuma yake, amemushika. Docteur aliangalia kijiko kikizunguka mara tatu, kisha akatoa moja ya kalamu zake akaandika pa kiganja, juu alisahau karatasi.

Yaya, mimi sikuweza kuangalia zaidi. Niliona sahani yetu ya nyumbani. Sisi pia tulikulaka pamoja, si ndiyo? Sahani moja ya bugali, watoto sita, na Mapenzi wako kati yetu, mudogo, mupole, anatafuna tonge moja mpaka sisi tunakula tano. Wewe ulikuwa shambani. Mama alikuwa shambani. Hakukuwa na mukono wa mutu mukubwa pale. Nilikuwa na miaka kumi, na mukono wangu ulikuwa wa haraka kuliko wote. Nilikula fasi yake, fungu lake, Yaya. Kila siku nilikula fasi yake, na jioni nilikuambia, amekula. Sikujua, lakini nilifanya. Miaka yote hii watu wanakusema kwamba uliharibu maziwa yako ya kunyonyesha juu ulipata mimba haraka, na wewe unainamisha kichwa, na mimi ninanyamaza. Si mimba yako iliyomuua. Sitaki ubebe hiyo tena, hata siku moja.

Nimelia kidogo hapa, uone namna wino umeharibika. Turudi.

Docteur amepiga musitari juu ya kurasa zote za myezi mitatu na kuandika na mukono wake: haifai. Mimi amenipa barua ya onyo, na mwezi muzima nitafua mashuka. Nikasema, ndiyo Docteur. Akasema, "Kisha urudi kwa balansi, juu sina mwengine atakayeniambia ukweli, hata akichelewa." Akacheka kidogo. Mimi sikucheka, mashuka ya watoto wenye kuhara hayachekeshi mutu.

Sasa iko hivi. Mutoto akifika amevimba, anapewa maziwa, bila swali, wote. Uvimbe ukiisha kupunguka, hapo ndipo Docteur anamuita mama yake, anamueleza kwa luga ya kwao anatafuta nini, na kumuuliza kama anakubali mutoto wake aendelee na uji tu. Anayekubali, vizuri. Anayekataa, mutoto wake anatunzwa sawa na wengine. Wanakula pa mukeka, zamu mbili, ili wasiangaliane, hiyo iko shauri ya M'Lugendo. Na mu kaye mpya Docteur amechora fasi moja ambayo haikukuwaka mbele: mutoto amekula na nani. Nsimire anarudi Kalehe Jumamosi, na mashavu yake ni ya kweli, si ya maji. Aliniibia biskuti jana.

Nilimuuliza Docteur juu ya Neema. Nilisema, yaya wangu anaogopa damu, anaogopa watamujaribia. Akasema, "Aogope, iko haki yake. Nitaonyesha mutu wake kila sindano mbele ya kuitumia. Asipotaka, Neema hataingia mu kaye ya kujaribu. Lakini amulete sasa." Kitanda cha Nsimire ameniwekea.

Sitakudanganya, nimechoka kudanganya. Si wote wanapona. Mwezi uliopita mumoja alituacha, alifika akiwa amechelewa, mimi ndiye nilimufunga mu kitambaa. Lakini wale wanaofika mapema wanapona, nimeona na macho yangu. Neema bado analia, umesema. Anayelia bado iko na nguvu.

Wewe na tumbo lako usipande kamyo, ile barabara itakuzalisha njiani. Amulete mama yetu. Shofere nimesema naye, atamuweka mbele, kando yake, si juu ya mizigo. Mama achukue nguo za baridi na kikwembe cha pili. Njiani ampe Neema maji yaliyochemushwa, kidogo kidogo. Kama mumemufunga kamba ya dawa, iacheni pa shingo. Makasi yangu niliyaweka mu kabati.

Mama nitalala naye mu kitanda changu, nitamupikia sambaza mpaka asahau meno. Musalimie sana bwana wako, muambie shemeji yake mudogo bado hajamusahau, na ampe mama njia bila maneno. Umusalimie tonton, mujomba wetu anayefundisha shuleni, yule aliyenifundisha kuandika, asione makosa ya barua hii. Koko wa upande wa baba, mupigie goti kwa ajili yangu. Na jirani yako, yule aliyekuambia habari ya panya, umusalimie pia. Muambie si mubaya, aliogopa tu, na mutu alipaswa kumueleza.

Kamyo inarudi kesho alfajiri, barua hii itakuwa mufukoni mwa shofere. Usiniandikie jibu, Yaya, jibu la barua litachelewa. Kuanzia juma lijalo, kila kamyo ya Kamituga ikishusha watu, nitakuwa pale nimesimama na bluze yangu. Sitaangalia nyuso. Nitaangalia migongo ya wamama.

Mimi mudogo wako niliyekula fasi ya Mapenzi,

Wabiwa